Sanduku la kusawazisha: lichaguliwe kwa kipimo cha trakta, si kwa wingi wa kazi



Kila mara tunapopita kwenye koperative zenye trakta ndogo, ao zenye kujiandaa kuinunua, ulizo moja linarudi: "Tukipata pesa ya sanduku la kusawazisha, tununue la upana gani?" Na mara mingi jibu linakuja kabla hatujafungua kinywa: "Kubwa! Kazi ni mingi, barabara ni ndefu."

Tunaelewa wazo hilo. Mtu akiangalia barabara yenye mashimo kutoka kijijini mpaka Kindu, anaona kwamba sanduku dogo litachezacheza tu. Lakini sanduku halivutwi na barabara, linavutwa na trakta. Kama trakta haiwezi, hata barabara ya mita mia moja haitaisha. Ndiyo sababu katika makala hii tunaeleza namna ya kupima trakta kwanza, kisha kuchagua sanduku. Kazi ya kupima inaomba metre ya fundi, kipande cha karatasi na nusu saa. Ni kidogo sana ukilinganisha na miaka kumi ao zaidi ambayo koperative itaishi na chombo ilichonunua.

Sanduku ni chombo gani?

Ni chuma kinachofungwa nyuma ya trakta. Kina ubavu wa kushoto, ubavu wa kulia na ukuta wa nyuma. Mbele na chini ni wazi. Chini ya ukuta kuna visu viwili: kimoja kinakata trakta ikienda mbele, kingine kinasukuma trakta ikirudi nyuma. Mbele ya visu kuna meno, kwa kawaida manne, matano ao sita, yenye kushushwa ili yapasue udongo mgumu, na kupandishwa wakati hayatakiwi. Mafundi wetu wamezoea jina la Kifaransa, wanasema "lamu". Lakini lamu ya kawaida ni kisu kimoja kirefu, udongo unakimbia pembeni. Sanduku linashika udongo, linaubeba na kuumwaga pale palipo shimo. Hiyo njo tofauti kubwa.

Linafungwa kwenye mikono mitatu ya nyuma: miwili ya chini yenye kuinua, na mmoja wa juu wenye kurefushwa ao kufupishwa kwa mkono. Mpango huo uliletwa na fundi Harry Ferguson wa Ayalandi, na kuanzia mwaka 1939 ukauzwa kwa wingi kwenye trakta ya Ford-Ferguson 9N. Akili yake ni hii: uzito wa chombo na ugumu wa udongo vinakandamiza magurudumu ya nyuma, trakta nyepesi inapata kushika chini. Lakini kuna mpaka. Chombo kikizidi, magurudumu ya nyuma yanazunguka bure na ya mbele yanataka kuruka.

Linatusaidia nini hapa Maniema?

Trakta ndogo inalima wiki chache kwa mwaka. Mpunga ukishapandwa, inalala chini ya paa, na mara mingi deni lake halijaisha. Sanduku linaipa kazi katika miezi hiyo.

Kazi ya kwanza ni barabara ya kutoka mashambani. Tunajua wote: mpunga wa Kailo ao wa Kibombo unaweza kuwa mzuri namna gani, kama baiskeli haipiti, mnunuzi anapunguza bei ao hafiki kabisa. Kazi ya pili ni uwanja wa koperative: mbele ya depo, kando ya mashini ya kukoboa, na pale mnapotandika mahema ya kuanikia. Uwanja wenye maji yaliyosimama unarudisha unyevu kwenye mpunga mliouanika siku tatu. Kazi ya tatu ni kusawazisha mashamba ya bondeni ili maji yakae sawa. Hiyo ya tatu ina hatari yake, tutairudilia chini.

Na kuna kazi ambayo sanduku haliwezi. Shimo la matope lenye kumeza kamio, daraja lililoanguka, kilima kilichokatwa na maji: hayo yanaomba mashini kubwa za Office des Routes ao za OVDA, ofisi ya barabara za mashambani. Sanduku la trakta ndogo linalinda barabara ambayo bado inapitika ili isifike hapo. Linafuata mstari uleule wa salongo na wa makundi ya kijiji yenye kutengeneza barabara kwa jembe na pauro. Haliwaondoi watu hao kazini. Mifereji ya pembeni na majani bado ni ya mikono.

Vipimo vinne vya kuchukua

Kabla ya kuuliza bei kwa mtu yeyote, pima mambo manne na kuyaandika.

1. Upana wa mipira ya nyuma. Simama nyuma ya trakta. Pima kutoka ukingo wa nje wa mpira wa kushoto mpaka ukingo wa nje wa mpira wa kulia. Sanduku linapaswa kufunika upana huo wote, na kuzidi sentimita 5 hadi 10 kila upande. Kwa nini? Kama sanduku ni fupi kuliko mipira, mipira inaacha alama mbili nyuma ya kazi mliyomaliza, na mvua ya kwanza inageuza alama hizo kuwa mifereji. Tena hamtaweza kukaribia ukuta wa depo ao ukingo wa barabara. Lakini kama linazidi sana, kila jiwe ao kisiki chenye kugonga ncha ya sanduku kinapindisha trakta nzima.

2. Nguvu ya trakta. Angalia kibao cha mashini ao kitabu chake. Kama imeandikwa kwa farasi, sawa. Kama imeandikwa kwa kilowati, zidisha kwa 1.36: kilowati 18.4 ni farasi 25. Hesabu angalau farasi 5 kwa kila futi ya upana wa sanduku. Lakini kwenye udongo wetu mwekundu wenye changarawe, ambao ukikauka unakuwa sawa saruji, hesabu farasi 6 ao 7.

3. Uzito wa trakta. Hiki njo kipimo ambacho watu mingi wanakisahau. Trakta mbili zinaweza kuwa na farasi 25 zote mbili. Moja ina kilo 700, nyingine kilo 1,200. Hazivuti sawa. Kwenye ardhi kavu na nzuri, trakta yenye kuvuta kwa magurudumu manne inaweza kuvuta kadiri ya nusu ya uzito wake. Kwenye matope ni kidogo zaidi. Kama yenu inavuta kwa magurudumu ya nyuma tu, chagua sanduku la daraja ya chini kuliko vile farasi zake zinavyoonyesha.

4. Nguvu ya kuinua na pini. Kitabu kinaonyesha kilo ambazo mikono ya nyuma inaweza kuinua. Soma vizuri: wauzaji wengine wanatoa hesabu ya pale kwenye ncha za mikono, wengine sentimita 61 nyuma ya ncha hizo. Hesabu ya pili inakuwa ndogo, na njo ya kweli zaidi kwa kazi, maana uzito wa sanduku unakaa nyuma. Kisha pima matundu ya mikono. Trakta ndogo mingi ni za daraja 1: pini ya juu milimita 19, pini za chini milimita 22. Daraja 2 ni milimita 25 juu na milimita 28 chini. Sanduku la daraja 2 halitaingia kwenye trakta ya daraja 1. Tafadhali hapana kukubali neno "fundi atapanua tundu". Mkono uliotobolewa zaidi umeshapoteza nguvu yake.

Kutoka vipimo mpaka upana

Wauzaji wanahesabu kwa futi. Tunawapa hapa njia ya kuanzia:

Trakta ya farasi 20 hadi 24: sanduku la futi 4, maana yake sentimita 122.
Trakta ya farasi 25 hadi 34: futi 5, sentimita 152.
Trakta ya farasi 35 hadi 45: futi 6, sentimita 183.
Zaidi ya farasi 45: futi 7, sentimita 213, kama uzito wa trakta unaruhusu.

Wale wenye motokilta ya kushika kwa mikono wasitafute sanduku la namna hii. Motokilta haina mikono mitatu ya kuinua. Kwa hiyo ubao mzito wa kukokota unatosha kusawazisha tope la shamba la mpunga, na bei yake ni ya seremala wa kijiji.

Sasa tuchukue mfano. Koperative iko na trakta ya farasi 25, inavuta kwa magurudumu manne, uzito kilo 1,000. Mipira ya nyuma, nje kwa nje, ni sentimita 135. Tukiongeza sentimita 5 hadi 10 kila upande, tunapata 145 hadi 155. Futi 5 ni 152: upana unakubali. Farasi 25 kugawanya kwa 5 ni 5: nguvu inakubali, lakini bila akiba. Kwa hiyo koperative hiyo inanunua futi 5, na inajua kwamba kwenye udongo mgumu itapita na meno kwanza, kisha itakata kidogokidogo. Mtu akija na sanduku la futi 6 la bei nafuu, jibu ni hapana, hata kama linang'aa.

Na kama vipimo vinapingana? Kwa mfano mipira inaomba futi 5, lakini farasi ni 20 tu. Kuna njia mbili. Trakta mingi zinaruhusu kugeuza rimu za nyuma ili mipira ikaribiane. Uliza fundi kabla ya kununua. Ikishindikana, chukua futi 5 jepesi, na kulitumia kwa kumalizia kazi tu: kutandaza udongo uliokwisha kulegezwa kwa jembe. Kama vipimo viko katikati ya ukubwa mbili na mipira inakubali zote, chukua dogo.

Sanduku kubwa linaokoa muda gani?

Wengi watasema: "Lakini dogo litatuchelewesha." Tufanye hesabu pamoja.

Tuseme kuna shimo barabarani la mita 3 kwa mita 2, lenye kina cha sentimita 30. Ukubwa wake ni mita kyubi 1.8. Udongo uliolegea unashuka ukikanyagwa, basi tuongeze robo: tunahitaji kadiri ya mita kyubi 2.25.

Sanduku lenye urefu wa ukuta sentimita 45 na kina sentimita 50, likiwa la futi 5, linaweza kushika kadiri ya mita kyubi 0.34 likijaa mpaka juu. Kazini halijai mpaka juu. Tukihesabu sehemu 6 juu ya 10, linabeba mita kyubi 0.2. Kwa shimo letu, hizo ni safari 12. Sanduku la futi 4 lenye umbo hilohilo linabeba 0.16: safari 15. La futi 6 linabeba 0.24: safari 10. Kama kila safari ni dakika 3, futi 4 linamaliza kwa dakika 45, futi 5 kwa dakika 36, futi 6 kwa dakika 30.

Angalieni: kati ya futi 5 na futi 6 kuna dakika 6 tu. Na hizo dakika 6 mnazipata kama trakta inaweza kweli kuvuta futi 6 lililojaa. Mita kyubi moja ya udongo uliolegea ina uzito wa kadiri ya kilo 1,300, kwa hiyo sanduku la futi 6 linabeba zaidi ya kilo 300 za udongo juu ya uzito wake lenyewe. Trakta ya farasi 25 itazungusha mipira, itachimba mashimo yake yenyewe barabarani, shofere atainua sanduku na kumwaga nusu ya udongo njiani. Mazuti yanaungua, mipira inaisha, na mipira ya trakta haipatikani kila siku Kindu.

Uzito wa sanduku na mambo ya kuangalia

Upana si kitu pekee. Sanduku jepesi linarukaruka juu ya udongo mgumu bila kukata. Sanduku zito linaingia lenyewe. Kwa upana uleule, zito ni afadhali, mradi trakta iweze kuliinua na magurudumu ya mbele yabaki chini. Sanduku la futi 5 la kazi nzuri lina uzito wa kilo 200 hadi 250 kwa kawaida. Kama muuzaji anasema lake lina kilo 120, jua kwamba bamba lake ni jembamba na litakunjika kwenye kisiki cha kwanza.

Jaribio la magurudumu ya mbele ni rahisi. Inua sanduku juu kabisa, endesha polepole mahali pa wazi, geuza usukani. Kama trakta inachelewa kugeuka, mbele ni nyepesi: ongeza vyuma vya uzito mbele. Hapana kuweka kijana akae mbele juu ya trakta ili aongeze uzito. Jambo hilo limezoeleka, na linaua.

Mambo mengine ya kuangalia mbele ya muuzaji:

Visu vinafungwa kwa buloni, si kwa kuchomelea. Kisu chenye buloni kinageuzwa upande wa pili kikiisha, kisha kinabadilishwa.
Meno yanapanda na kushuka kwa pini, na ncha za meno zinaweza kubadilishwa.
Mabavu yana unene wa kweli. Pima kwa kalipa ya fundi, usiamini rangi.
Mahali pa kufungia mkono wa juu pana bamba mbili, si moja.

Kuagiza mbali ao kutengeneza hapa?

Mzigo unafika Kindu kwa njia chache. Kuna reli ya SNCC, kutoka Lubumbashi kupitia Kabalo na Kongolo, na tawi la Kalemie likiungana pale Kabalo. Kuna mto Lualaba kutoka Ubundu, baada ya reli ya Kisangani mpaka Ubundu. Na kuna ndege, ambayo inahesabu kila kilo. Sanduku ni chuma kizito chenye nafasi tupu ndani, kwa hiyo usafirishaji unaweza kukaribia bei ya chombo chenyewe. Omba muuzaji aandike bei mbili: bei ya chombo, na bei ya kukifikisha Kindu.

Njia ya pili ni kutengenezesha kwa mafundi wetu wa kuchomelea. Inawezekana, kwa sababu sanduku halina injini wala gia. Mpe fundi vipimo vyote vinne. Ukuta na mabavu viwe vya bamba la milimita 8 ao 10. Kwa visu, resori za kamio la zamani zinafaa. Wahunzi wetu wanazijua tangu zamani kwa kutengeneza panga na majembe. Lakini resori ifungwe kwa buloni: chuma chake kikichomelewa kinapasuka kando ya mshono. Matundu ya pini yatobolewe kwa mashini, si kwa moto, ili yawe ya duara. Na malipo ya mwisho yatolewe baada ya sanduku kufungwa kwenye trakta yenu na kufanya kazi siku nzima.

Namna ya kulitumia

Mkono wa juu njo usukani wa sanduku. Ukiufupisha, sanduku linainama mbele, meno na kisu cha mbele vinauma udongo. Ukiurefusha, kisu cha nyuma kinashuka, sanduku linalainisha bila kuchimba. Shofere anayejua mambo hayo mawili amejua nusu ya kazi.

Barabara ya udongo inakufa kwa maji, si kwa magurudumu. Kwa hiyo lengo si kuifanya barabara iwe bapa sawa meza. Katikati pawe juu, na kila upande ushuke sentimita 4 hadi 6 kwa kila mita moja, ili maji yakimbie mferejini. Trakta mingi zinaruhusu kushusha mkono mmoja wa chini kuliko mwingine. Kwa namna hiyo sanduku linakata kwa mteremko. Pita kutoka ukingo kuelekea katikati, ukirudisha udongo juu. Hapana kupita katikati kila siku, utatengeneza mto.

Kuhusu meno: pasua kwa mstari ulionyooka, na inua meno kabla ya kugeuka. Trakta ikigeuka na meno yakiwa chini, meno yanavunjika ao mikono inapinda.

Wakati mzuri ni udongo ukiwa na unyevu kidogo. Ukishika kiganjani, unashikamana bila kutoa maji. Hapa Kindu mvua hupungua kuanzia Juni mpaka Agosti. Mwanzo wa kipindi hicho ni mzuri kwa kukata na kupasua, kabla udongo mwekundu haujawa jiwe. Mwisho wake, kabla mvua kubwa hazijarudi, ni mzuri kwa kumalizia mteremko na kufungua mifereji. Ndani ya mvua yenyewe, trakta ikae nyumbani. Kupita na trakta kwenye matope ni kuharibu kazi ya salongo ya wenzenu.

Tahadhari shambani

Hapa tunaongea sawa wa-agronome, na tunaomba mtusikilize vizuri. Sanduku linakata bila huruma. Katika udongo wetu wa Maniema, chakula cha mmea kiko kwa sehemu kubwa katika sentimita 15 hadi 20 za juu, mle mnamooza majani na mizizi. Chini ya hapo ni udongo mwekundu wenye njaa. Mtu akifyeka msitu mdogo kisha akasukuma kila kitu pembeni kwa sanduku, shamba litaonekana safi sawa uwanja wa mpira, na mpunga utakuwa wa manjano. Rutuba yote imelala kwenye tuta la pembeni, inaotesha majani.

Kwa hiyo hapana kutumia sanduku kwa kusafisha shamba jipya la nchi kavu. Bondeni, kama ni lazima kusawazisha, toeni kwanza udongo mweusi wa juu, muuweke pembeni, sawazisheni udongo wa chini, kisha murudishe ule mweusi. Ni kazi mara mbili, ndiyo. Na kama tofauti kati ya juu na chini inapita sentimita 20, afadhali kugawa shamba kwa matuta madogo kuliko kukata kilima kizima.

Uamuzi ni wa mkutano mkuu

Sanduku ni mali ya memba wote. Prezida ao mweka-hazina asiende sokoni peke yake na wazo lake kichwani. Ombi lipelekwe kwenye mkutano likiwa na karatasi moja yenye vipimo vinne, bei mbili kutoka kwa wauzaji ao mafundi wawili, jina la shofere atakayejibu kwa ajili ya chombo, na kalenda ya kazi. Wamama wenye kuanika na kubeba mpunga waulizwe pia: wanajua vizuri kuliko shofere maji yanasimama wapi uwanjani na baiskeli inakwama wapi njiani.

Koperative mbili ao tatu zenye kukaa karibu zinaweza kununua sanduku moja, mradi trakta zao ziwe na pini za daraja moja. Mkifanya hivyo, chagueni upana kufwatana na trakta iliyo dhaifu zaidi, si ile yenye nguvu. Trakta yenye nguvu itavuta dogo bila shida. Dhaifu haitavuta kubwa hata mkiomba. Andikeni tangu mwanzo nani ananunua visu vikiisha, na sanduku linalala kwa nani. Kabla ya kugusa barabara, muongee na chefu wa lokalite na huduma ya barabara za mashambani, ili kazi yenu iingie katika mpango wa salongo.

Tunawaomba memba wote wenye trakta: wiki hii, chukueni metre, mupime mipira nje kwa nje, muandike na ile hesabu ya kibao cha mashini. Hata kama pesa ya sanduku haijapatikana bado, karatasi hiyo iwe ndani ya kitabu cha koperative. Siku muuzaji atakapowaambia "chukueni hili, ni kubwa na bei ni ileile", mtakuwa na jibu lililoandikwa.